Kumfuata Rashidi Msumari Chunyu

Nilitoka Nachingwea kwenda Chunyu kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiyejua kuongea hakai na wateja, lakini jioni ile kwenye kikao cha Nyuki, timu yetu, nilizidisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi bado hazijatufikia. Nyuki ilikuwa imebakiza mechi moja ya ligi, ugenini Ruangwa. Tukifungwa, tunashuka daraja. Nafasi ya usajili ilibaki moja tu, na watu walikuwa wanavutana. Nikasimama nikasema, "Tumsajili Rashidi Msumari."

Wasiomjua niwaeleze. Rashidi alikuwa mtoto wa Chunyu, huko Ruangwa, aliyechezea timu kubwa ya Dar es Salaam miaka ya tisini. Jina la Msumari alipewa kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Mimi nilimfuata kwenye redio, betri nikizianika juani zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha pili. Mke wangu Dafrosa alikuwa ananiita mara tatu ndipo niitike. "Siku Mungu atakapokuita," aliniambia, "utamwambia asubiri mapumziko."

Na niliwahi kumshika kichwa. Timu yake ilikuja Nachingwea kucheza mechi ya kirafiki, naye asubuhi hiyo akaja peke yake kukaa kwenye kiti changu. Mkono ukanitetemeka, wembe ukamkata nyuma ya sikio la kushoto. Hakulalamika. Alicheka kidogo akaninong'oneza, "Usimwambie mtu, na mimi nitanyamaza." Sikumwambia mtu, hata Dafrosa hajui. Miaka michache baadaye jina lake likapotea redioni. Ilisemekana goti limemsumbua, amerudi kwao kulima korosho.

Kikaoni walinicheka. Mmoja akasema huyo sasa atacheza kwa mkongojo. Nikamjibu kwamba ng'ombe hazeeki maini. Nilibishana hadi katibu wetu, Bwana Chitanda, akaandika barua kupoza tu kelele zangu, tukampa dereva wa lori. Wiki haikuisha, jibu likaja kwa mwandiko mzuri wa shule: "Rashidi Msumari yupo, hajambo. Mkimhitaji, aje mtu amchukue kwa heshima." Watu walishangilia kana kwamba tumeshashinda. Nikakabidhiwa jezi namba nane na fomu. Kwa furaha nikaapa mbele ya wote kwamba nisipomleta, wasinione tena kwenye benchi la Nyuki. Benchi lile ni nusu ya maisha yangu, na niliapa kwalo kama mtu anayeapa kwa kiatu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, nilipanda mbele kwenye lori lililokuwa linakwenda Ruangwa kuchukua ufuta. Nilikuwa na mfuko wa jezi na sanduku langu la kinyozi. Ulikuwa mwezi wa nane, watu wanachoma mapori. Tulipoiacha Lionja nyuma, moshi ulitanda pande zote mbili, jua likawa jekundu na dogo, na majivu yakaanza kutua juu ya kioo. Dereva, mwenyeji wa Ruangwa, alikuwa mcheshi sana. Alikuwa anatafuna muhogo mbichi na kunitania kwamba Nyuki mwaka huu hawana hata asali.

"Unamfuata nani Chunyu?" akaniuliza.

"Rashidi Msumari. Tumemsajili."

Akaacha kutafuna. "Ana habari kwamba unakuja?"

"Mwenyewe katuandikia."

"Katuandikia," akarudia polepole. Akazima redio, akafunga kioo cha upande wake. Toka hapo hadi Ruangwa hakuniambia neno lingine, na mimi nikadhani ni moshi umemkaba.

Ruangwa mjini, saa tano, niliingia mgahawani kunywa chai na kuulizia njia. Mama aliyekuwa anakaanga chapati aliniuliza, "Msumari wa lini, baba?"

"Wa lini? Kwani wako wangapi?"

"Ni mmoja tu." Akaipandisha kanga yake kichwani, vile wanavyofanya akina mama wakipita karibu na nyumba ya msiba, akanionyesha barabara kwa mkono. Watu wawili waliokuwa wanakunywa chai waliinama kwenye vikombe vyao. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Nikajiambia watu wa hapa wanamwogopa Msumari kwa sababu keshokutwa atawafunga.

Jumamosi, alfajiri, niliazima baiskeli nikaenda Chunyu. Kulipopambazuka nikaingia kwenye mikorosho yao, na huko sikuona kitu. Walikuwa wanapuliza salfa, ile dawa ya unga, kabla upepo haujaamka. Ukungu wa manjano ulijaa kati ya miti, unawasha macho, unanuka kama kiberiti. Mashine ilikuwa inanguruma mahali fulani, mara kulia, mara kushoto. Nikashuka, nikaikokota baiskeli. Ghafla mashine ikanyamaza. Hakukuwa na ndege, hakukuwa na mbwa. Kisha mtu akatoka ndani ya ule ukungu, uso umefungwa shuka jeupe, kope na nyusi zimejaa unga.

"Karibu, kinyozi," akasema. "Mkono umeacha kutetemeka?"

Sanduku langu limeandikwa jina na kazi yangu, hilo alilisoma. Lakini habari ya mkono ilikuwa yangu na ya mtu mmoja tu duniani. Furaha ikanipanda. Ndiye! Nikaitupa baiskeli nimkumbatie, naye akafungua shuka, akajifuta kichwa.

Hakuwa yeye.

Mimi naweza kusahau uso, ila kichwa nilichokinyoa sikisahau. Cha Rashidi kilikuwa kirefu kwa nyuma, na utosini kina kishimo cha kutosha ncha ya kidole. Hiki kilikuwa cha mviringo kama nazi. Mtu mwenyewe alikuwa na miaka thelathini hivi. Mdomo ulikuwa wa Rashidi, mabega ya Rashidi, kama ndugu wanavyofanana. "Mbona umesimama?" akaniuliza. "Twende kwa mama, chai iko tayari."

Nyumbani kwao, saa mbili, tulimkuta bibi mmoja mwembamba ameketi kwenye mkeka. Mlangoni kulikuwa na viatu vya mpira vimepakwa mafuta vinang'aa, kamba zimefungwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Malahaba, baba. Umekuja kumchukua Lashidi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kimwera kikijitokeza hapa na pale. "Kunywa chai kwanza."

"Bibi," nikamnong'oneza yule mtu alipokwenda kunawa, "huyu siye."

Hakukasirika. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kando ya kijia cha kwenda kisimani. Pale palikuwa na kaburi limefagiwa, kikombe cha bati kimefukiwa nusu kichwani pake. "Mwili wake uko hapa," akasema. "Jina lake liko kule, linakunywa chai."

Ndipo nilipoelewa, na aibu ikanishika hadi masikioni. Hii si siri ya Chunyu peke yake. Mtu akifa, ukoo unakaa, unamteua mmoja arithi jina lake, na tangu siku hiyo huyo ndiye marehemu kwa watu wote. Mimi ni Mmakonde, wazazi wangu walivuka kutoka Msumbiji, na kwetu nina shangazi aliyerithi jina la bibi yetu. Baba yangu mzazi alikuwa anamwamkia "shikamoo mama", na yeye ndiye kaka mtu! Barua ile ningeisoma kwa akili za kwetu, ningeuliza swali moja tu. Niliisoma kwa akili za mpira.

Bibi akanieleza kwamba kabla ya arobaini kijana huyo alikuwa akiitwa Juma, mtoto wa mdogo wake wa tumbo moja. Ndiye aliyemuuguza Rashidi muda wote wa maradhi, usiku na mchana wakiongea. "Usiseme tena siye," akaniambia. "Jina likishalithiwa, ukisema kafa, umemuua mala ya pili. Mala ya kwanza nililia. Ya pili sitaweza."

Nilirudi mkekani nikakaa. Nikirudi mikono mitupu, nimelipoteza benchi langu na timu imeshuka. Nikimchukua, nimewapelekea watu wangu maiti niliyoiapia. Na juu ya yote nilikuwa na msiba mbichi: Rashidi wangu alikuwa amekufa, nami ndiyo kwanza nasikia, tena siruhusiwi kulia. Nikamuuliza yule mtu kama amewahi kucheza mpira.

"Umenisikiliza miaka yote redioni," akasema bila kutabasamu, "leo ndiyo unaniuliza?"

Alivaa viatu vile. Vilimzidi, akachomeka sufi kwenye vidole. Bibi akampaka unga kidogo wa tambiko kwenye paji la uso, akatusindikiza hadi kwenye mikorosho. Nilimpakia nyuma ya baiskeli, na njia nzima nilikuwa nageuka kuhakikisha kama yupo, maana sikuhisi uzito wake.

Jumapili asubuhi, Ruangwa, wenzangu walifika na lori wakiimba. Waliowahi kumwona Rashidi walimwona kwa mbali, tena zamani, wakasema ama kweli korosho zinamtunza mtu. Bwana Chitanda alinikumbatia mbele ya watu. Nilisema ahsante. Mchezaji wetu mpya akaomba nimnyoe kabla ya mechi.

Nilimkalisha nyuma ya darasa moja la shule. Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto niliangalia kwa makini. Ngozi ilikuwa safi, haina alama. Nikashusha pumzi, na palepale wembe ukateleza. Damu ikatoka mahali pale pale.

Hakushtuka. Alicheka kidogo. "Na safari hii nitanyamaza," akasema. "Wewe je?"

Nikamwambia na mimi nitanyamaza. Mpaka leo sijui nilikuwa namwahidi nani.

Saa kumi, uwanjani, timu ziliingia. Upande wetu ulilipuka kwa vigelegele. Upande wa Ruangwa, watu wote wale, ulinyamaza kimya. Wao walijua. Wengi wao walikuwa wamekula ubwabwa wa arobaini ile. Wanaume walivua kofia. Nikawaona mabeki wao wawili, vijana wenye vifua, wakitazamana kisha wakitazama chini.

Hakujua mpira, niseme ukweli. Uliokuja kwake ulimgonga ugokoni ukatoka nje. Alikimbia kama mtu anayekimbiza mbuzi. Lakini alisimama pale pale alipokuwa akisimama Rashidi, pembeni kushoto, mkono mmoja juu anaomba mpira. Na hakuna aliyemgusa. Akisogea, wanapisha. Wachezaji wa Ruangwa walimzunguka kwa mbali kama watu wanaopita shimo, na wenzangu wakaanza kuuliza kwa nini hawamkabi.

Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, mpira ulimfikia mbele ya goli akaupiga kwa kushoto. Haukuwa mkwaju. Uliviringika taratibu, unarukaruka kwenye vijiwe. Beki wa kwanza aliinua mguu ukapita. Wa pili hakujitikisa. Golikipa alipiga goti, akautazama unavyopita karibu na mkono wake, hadi ukagusa wavu na kusimama.

Wenzangu waliruka wakaangukiana. Mimi nilibaki nimekaa kwenye benchi langu, lile nililoliokoa, na machozi yananitoka. Watu wakadhani ni furaha. Mechi ikaisha hivyo, moja bila, Nyuki hatukushuka. Golikipa wao nilimsikia akimwambia kocha wake, "Mimi niliuona. Mkono ndio haukuenda."

Jumatatu asubuhi nilimrudisha Chunyu. Wenzangu walitaka aende nasi Nachingwea wamshangilie, nikasema goti linamuuma. Upepo ulikuwa umeamka, ukungu wa salfa haupo, mikorosho ilikuwa mikorosho tu. Bibi alikuwa mlangoni.

"Mwanangu kacheza vizuri?"

"Amefunga, bibi. Kwa kushoto."

"Kwa kushoto," akasema. Akapiga magoti, akavivua vile viatu kutoka miguuni mwa yule mtu, akatoa sufi, akaanza kuvipangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Yule mtu alipoingia ndani, nikabaki naye, nikashindwa kujizuia. Nilikaa chini nikamlilia Rashidi kimyakimya, naye akaniacha nilie, mradi sikutaja kifo. Nilipotulia akaniuliza jina langu.

"Dismas."

"Dismasi," akalionja. "Una watu nyumbani wanaokuita?"

"Ninaye mke."

"Basi uwe unaitika, baba. Itika ukiwa bado una mdomo wako."

Nilifika Nachingwea jioni. Kilabuni walikuwa wananingoja nieleze safari, na ninyi mnaosoma leo ndio mnaoisikia kwa mara ya kwanza. Bibi ametangulia, na mwenye jina kanipa ruhusa kwa mdomo wake, akisema ahadi ya kunyamaza imebaki ya mimi na yeye tu. Niliyojifunza si mengi. Nilipenda sauti ya redio, nikamdai mwenyewe asizeeke wala asife ili mimi nifurahi Jumapili. Waliompenda kweli hawakumdai goli hata moja. Walimwekea mtu wa kumwitikia.

Jioni ile nilipita kilabuni bila kusimama, redio yao ikitangaza mpira. Nilikuwa sijafika hata mlangoni kwangu Dafrosa aliposikia hatua zangu, akaniita kutoka jikoni, mara moja tu.

"Naam," nikaitika.

Akatoka na mwiko mkononi kuangalia ni nani.