Kilima Kilichopimwa Wakati wa Jua

Mi nina mdomo, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Basi, miaka ile ya Zaïre, kampuni ya migodi ilipotaka kumwaga takataka za kiwanda kwenye kilima cha nyuma ya mtaa wetu wa Kapata, mdomo huo ndio niliokwenda nao kazini.

Ofisini tulikuwa watatu: mkuu wetu, mpimaji wa maji, na mimi wa miti na wadudu. Kazi yetu ilikuwa kueleza ni viumbe gani vitaangamia kiwanda kikipanuka. Na kazi yote ya porini tuliifanya mwezi wa nane, kwa sababu wakati wa mvua kamyo linakwama. Lakini mwezi wa nane pori lote limeshaungua! Tulizunguka kilima kile kutwa nzima, tukarudi na majivu viatuni. Mkuu akaandika: hakuna kitu.

"Weka mukono, mama," akaniambia.

"Siweki."

"Kwani uliona nini kule?"

"Sikuona kitu. Lakini unaingia mu nyumba ya mutu wakati ameenda sokoni, kisha unasema hakuna mutu anakaa mule? Tungoje mvua. Finkubala batatoka."

Finkubala ni wale viwavi wanaokula majani ya mti wa mutondo, na sisi tunawala wao kwa bukari, ugali wetu. Kapata nzima iliwafuata kilimani pale kila mwaka.

Bila sahihi yangu faili haikuweza kupanda kwa wakubwa. Enjinia mkubwa, bwana wa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyonyooshwa sawasawa, akaniita. "Sitwayeni, uko na kichwa nguvu," akasema, maana wakati ule sote tuliitana hivyo, raia. "Haya, mi mwenyewe nitaenda kuona mwezi wa kumi na mbili. Kama hakuna kitu, mashine zitapanda, na weye utaacha kazi."

Nikasema sawa. Nilikuwa mjane, na hata nyumba niliyolala ilikuwa ya kampuni.

Mvua ikaanza, finkubala wapi! Wenzangu wakaniita mama wa wadudu. Kila asubuhi: "Mama, batoto habayambo?" Nikawajibu wako masomoni, watarudi. Nyumbani nililia. Nilimkasirikia hata Mungu, nisidanganye. Nilimwambia wazi: mvua umeleta, sasa wadudu umewaficha wapi?

Siku ikafika. Gari la enjinia likakwama chini, tukapanda kwa miguu, matope mpaka kwenye vifundo, mkuu akinung'unika nyuma yetu. Tulipoingia chini ya mitondo, enjinia akasimama. Jua lilikuwa linawaka, lakini manyunyu yalisikika juu ya majani makavu.

"Mvua ya nini hii?" akauliza, akakinga kiganja.

"Si mvua, tata. Ni mavi."

Akainua macho. Matawi yalikuwa meusi kwa finkubala, wanatafuna, wanatudondoshea mabegani bila heshima. Oyo! Nikapiga makofi, nikamgeukia mkuu. "Hakuna kitu, eeh? Soma tena! Hakuna kitu?" Mkuu akajipangusa mabega. Nilifurahi mpaka nikaumwa kifua.

Pembeni mwa miti wanawake wa Kapata walikuwa wameketi na mabeseni yao, hakuna aliyeingia. Enjinia akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba mwenye udongo, chifu wa pale, ndiye anayefungua kilima. Kabla hajafungua, hakuna anayegusa hata mmoja, wakomae kwanza, wengine wabaki kuzaa wa mwaka kesho.

Enjinia akawatazama wanawake wale, akatazama tena matawi. Kisha akamwambia mkuu, "Takataka ziende mu lile shimo tulimaliza kuchimba. Kilima hiki muache." Nikapiga vigelegele. Wanawake wakaitikia kabla hawajajua ni kwa ajili ya nini.

Naye enjinia, moyo umeshalainika, akatoa leso yake, akanyoosha mkono kwenye tawi la chini. Mama mmoja mzee akainuka.

"Hapana, tata. Habayafungula bado. Ngoja sawa batu bote."

Enjinia akaurudisha mkono. Akatafuta mahali pakavu kati ya wanawake wale, akakunja abakosti yake, akaketi kungoja.