Chupa ya Maji ya Uvuguvugu kwenye Mchicha wa Hajati

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na nikiwa na akili timamu, kwamba mtoto wa mbwa hawezi kujua pa kukojoa mpaka amwone anayemfuga akikojoa pale kwanza. Haya, chekeni, nawasubiri. Mimi Wafula, mtu mzima, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni miaka mitatu baada ya kazi (kimetundikwa sebuleni ndani ya fremu, ukiingia kwangu utakisoma upende usipende), niliyejibu swali zima la figo kwenye mtihani wa baiolojia, niliamini jambo hilo, na si kuamini tu, nilikwenda nikalitekeleza, hapa Ntinda, Kampala, mchana kweupe, mbele ya watu wanaojua jina langu. Aibu ile hainitoki. Kuna siku napiga mswaki naikumbuka, nakaa na povu mdomoni.

Mambo yalianza na mke wangu, Nekesa. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa mama mmoja mgeni kule Luzira, na yule mama aliporudi kwao akamwachia zawadi ya kijibwa cha kizungu, cheupe, manyoya matupu, cha miezi mitatu, kidogo kiasi kwamba ukikitia kwenye sufuria ya ugali kitabaki na nafasi ya kugeuka na kulala. Nekesa akakiita Pamba. Sisi hatujajaliwa mtoto, na nilipoona jinsi alivyomshika kifuani siku ile ya kwanza, nikayameza maneno yangu yote niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu mbwa na nyumba ya vyumba viwili.

Ila nyumba yenyewe si yetu. Ni ya Hajati, mjane wa Kinubi mwenye asili ya Bombo, anayekaa nyumba kubwa ya mbele, na sisi wapangaji tumepangwa nyuma kwenye uwanja huo huo mmoja. Baraza lake ndilo analoswalia jua likipoa, hutandika mkeka pale, na usafi wake mimi sijauona popote duniani (na nimefika hadi Kisumu). Alipomwona Pamba hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wafula, mwanangu," akasema taratibu, "mimi na mbwa hatuna ugomvi. Lakini pale naswali. Nawapa wiki mbili mumfundishe. Tone moja likigusa baraza langu, mbwa anaondoka. Mkishindwa kumtoa, mtaondoka wote watatu."

Kana kwamba hilo halitoshi, siku ya pili yake simu ikaja kutoka Bungoma kwamba mama mkwe ameteguka nyonga, Nekesa akafunga begi, akambusu Pamba (mimi nikapewa mkono), akaniambia mlangoni, "Wafula, nikirudi nataka nimkute Pamba, na nataka niikute nyumba."

Ndugu zangu, kile kijibwa sijui maji yalikuwa yanatoka wapi. Alikojoa kwenye zulia, chini ya kitanda, ndani ya ndara zangu, na siku moja akakojoa chini ya cheti changu huku akinitazama. Nilikuwa natembea na tambara mfukoni kama fundi magari. Kila nikisikia viatu vya Hajati vikikokota uwanjani, nafunga dirisha harufu isitoke, kisha nafungua asije akauliza kwa nini nimefunga. Dukani Kisenyi, ninakouza vipuri, mteja anaomba plagi nampa bolti. Siku sita zikaisha hivyo na Pamba hajajifunza kitu isipokuwa kukimbia akiniona na tambara.

Ndipo Ssalongo aliponionea huruma. Ssalongo (ndivyo Waganda wanavyomheshimu baba wa mapacha) ni mlinzi wa duka letu, askari mstaafu, anayedai aliishi na mbwa wa kazi miaka ishirini.

"Wewe Mukenya, kwa nini uso iko kama umefiwa?"

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Ssebo, mbwa ni kuruta! Kuruta nafika kambini, najua choo iko wapi? Hapana. Nafuata afande. Sasa afande ni wewe. Enda pale mahali unataka, simama, kojoa. Yeye naona. Siku tatu, mahali moja. Mpaka nakufa hawezi kojoa mahali ingine."

"Ssalongo, una hakika?"

"Banange! Mimi nilikaa na mbwa wewe bado hujazaliwa!"

Mtu asiyesoma angetilia shaka. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimesoma, nikaanza kuitafutia ile habari sababu za kitaalamu: mwanafunzi humwiga mwalimu, mtoto humwiga mzazi, kwa nini mbwa asiige? Nikaomba ruhusa kazini siku zilizobaki. Shida ilikuwa moja tu, nitakojoaje uwanjani kwa Hajati, mtu na heshima zake? Hapo ndipo akili yangu ya masomo ya jioni iliponiponza. Nikachukua chupa ya plastiki, nikaitoboa kifuniko kwa msumari wa moto, nikajaza maji ya uvuguvugu (nilipomweleza Ssalongo, akasisitiza yawe moto kiasi cha kutoa moshi), na nikachagua kona ya mbali nyuma ya tangi, penye vitalu vya mchicha wa Hajati, ule ambao huku wanauita dodo. Nikajisifu kabisa: maji safi, mchicha utanywa, mbwa atajifunza, naua nyoka wawili kwa kijiti kimoja.

Sikufikiria kitu kimoja. Sikufikiria ninavyoonekana kutoka nyuma.

Hebu jioneeni: mwanamume amesimama ameupa uwanja mgongo, miguu imeachana, kichwa kimeinama, viwiko viwili mbele, na sauti ya maji inasikika kwenye majani. Kando yake kijibwa cheupe kimekaa kitako, kimeinamisha kichwa upande, kinatazama kwa adabu kama kiko darasani. Nilipomaliza, Pamba alitikisa mkia, akakimbia hadi mlangoni kwangu, akakojoa kizingitini.

Nikasema kuruta mzito huyu, tuongeze mazoezi. Mara tatu kwa siku zikawa sita, sita zikawa kumi.

Siku ya kwanza Mama Kato, jirani wa chumba cha tatu, aliacha kufagia akasimama na ufagio hewani. Siku ya pili nilimpa mkono akaurudisha wake nyuma, "Niko na unga, kaka," na unga wenyewe siuoni. Siku ya tatu nikakuta mlangoni kwangu chupa ya dawa ya mitishamba, nyeusi kama oili chafu, na Mama Kato amesimama mbali kidogo kwa huruma.

"Kunywa asubuhi na jioni, kaka. Mjomba wangu alianza hivi hivi. Ni sukari. Usione haya, bambi, pole."

Nikadhani ameniona nimekonda kwa mawazo. Nikamshukuru. Nikainywa! (Uchungu wake ulifika hadi kwenye masikio.) Jumamosi, ambayo Hajati hutugawia wapangaji fungu la mchicha kila nyumba, hakugawa. Alisimama barazani akanitazama kwa muda mrefu, akaingia ndani. Mimi nikajua amenusa mikojo ya Pamba, nikajua tumekwisha. Nekesa akapiga simu, "Anaendeleaje mtoto?" nikasema, "Anaanza kuelewa," na jasho linanitiririka hadi kwenye soksi.

Siku tatu za Ssalongo zilipita, na siku ya kumi ya Hajati ikaingia. Alikuwa na wageni, wanawake kama kumi kutoka Bombo wakiongozwa na dada yake mkubwa, wamekuja kupanga harusi ya mjukuu. Walikuwa wamekaa sebuleni, madirisha wazi, na barazani viatu vyao vimepangwa mstari mmoja kama gwaride. Saa tisa hivi Nekesa akapiga: "Nimepata basi la kesho kutwa." Sijakata simu, Pamba akaamka usingizini, akaanza kunusa sakafu na kuzunguka, kuzunguka. Nikapatwa na kiwewe. Nikajaza chupa pomoni, kifuniko sikukikaza, nikambeba kijibwa kwapani nikakimbia hadi kwenye mchicha, nikamweka chini, nikaikamua chupa kwa nguvu za mtu anayehamishwa.

Kifuniko kiliruka. Maji yote ya juu yalinishukia kwenye suruali, mbele, kuanzia mkanda hadi magotini.

"Astaghfirullah!"

Ilikuwa sauti ya Hajati. Nyuma yake, madirishani, vichwa kumi vyenye mitandio.

"Wafula! Leo mbele ya wageni wangu? Siku nne nimenyamaza! Mchicha wangu nimeuacha, nimesema ni maradhi, nimngoje mkewe! Leo umeona bado haitoshi?"

Nikafanya kosa la kugeuka. Walipoiona suruali walipiga ukelele mmoja, mitandio ikafunika nyuso. Nikainua chupa juu.

"Ni maji, Hajati! Maji matupu! Tazama!"

Na ili watazame vizuri, nikayanywa yaliyobaki.

Ukapigwa ukelele wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Nikamsikia Mama Kato akisema kwa majonzi, "Bambi, imepanda kwenye kichwa."

Nikaeleza basi, nikiwa nimesimama katikati ya dodo, nimelowa, nikieleza habari za kuruta na afande na mafunzo ya siku tatu, nikawaonyesha hadi tundu la msumari kwenye kifuniko. Dada mkubwa wa Hajati, mama mwenye mwili mkubwa, ndiye aliyeanza kucheka. Mabega yakatikisika, kisha tumbo, kisha akashikilia fremu ya dirisha.

"Yaani... ulikuwa unamwonyesha mbwa? Na mbwa akaangalia tu?" Machozi yalimtoka. "Ngoja nije nimwone huyo mwalimu kwa karibu!"

Akatoka hadi barazani akicheka, akatia mguu kwenye kiatu chake. Kicheko kikakatika.

"Humu mna nini cha moto?"

Tukageuka sote. Pembeni ya kiatu, mwenye furaha kuliko kiumbe yeyote Kampala nzima, alikuwa Pamba, anatikisa mkia. Hajati alikuwa amesema tone. Kile kiatu, cha rangi ya dhahabu, kilichonunuliwa Makka, ungeweza kukitumia kunywea chai.

Hakuna aliyeniambia la kufanya. Nilikuwa nimekaa na Hajati kiasi cha kujua kwamba kitu kikiguswa na unyevu wa mbwa, kwake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikapiga magoti bombani, udongo nikauchota kwenye mchicha ule ule, nikaosha, na wale wageni wakapanga viti wakinihesabia kwa sauti: "Moja! Mbili! Hujasugua kisigino, rudia!" Sikuwa nafikiria kiatu, nilikuwa nafikiria begi la Nekesa likishushwa mlangoni na sisi vyombo viko nje.

Niwaambie tu mapema kwamba Pamba sasa ana mwaka, akitaka kutoka anakwaruza mlango kama mpangaji anayedai haki yake. Nekesa alisimuliwa kila kitu na Mama Kato kabla hajatua begi. Ule mchicha ulistawi ajabu, lakini hakuna aliyeukubali mpaka Hajati aliponikalisha barazani nikala sahani nzima wapangaji wote wakitazama. Ssalongo nilimbana, akakiri kwamba alikuwa mpishi wa askari, mbwa alikuwa akiwaona wakipita. Na mimi nimeapa, mtu akinipa ushauri wa kulea chochote, hata kama ni kifaranga, kwanza nitamuuliza yeye alilea nini.

Lakini siku ile bombani, hesabu ikiwa imefika tano, niliuliza bila kuinua uso, "Hajati, tuhame lini?"

Akaihesabu kwanza ya sita.

"La mchicha halikuwa kosa," akasema. "La kiatu ni kosa, na dada yangu amelisamehe kwa kucheka. Una siku nne. Viatu nitaviingiza ndani. Sasa nisikilize, marehemu mume wangu alifuga mbwa uani miaka yote niliyokaa naye. Huyu ni mtoto, Wafula. Akiamka mtoe. Akimaliza kula mtoe. Akinusa na kuzunguka, mtoe. Simama naye, ngoja, usimharakishe. Akikojoa nje, msifu hapo hapo. Akikojoa ndani, panguza, nyamaza, kesho tena. Basi. Wewe hakutazami, mwanangu. Anangoja umtoe."