Sanduku Lisilovuja

Mama yangu alikuja Mtwara kutoka nyanda za juu akiwa na goti bovu, begi moja la nguo, na matawi ya waridi aliyoyakata mlangoni kwake akayafunga kwenye kitambaa kibichi. Baba alikuwa amefariki, na kule nyumbani hapakubaki mtu hata wa kumchotea maji. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Hata chai hajaimaliza, akaniambia, "Goti likipoa mnikatie tiketi."

Sikushangaa. Kwetu mama hahamii kwa mkwe wake. Anakuja kusalimia, anakula, anaondoka. Na akiwapo, yeye na mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Maneno yanapitia kwa mtu wa katikati. Mtu huyo alikuwa mimi, na jamani, kazi ile ilinichosha! Mume wangu anasimama mlangoni: "Muulize mama kama ameamka salama." Mama yuko pale pale kitandani, anamsikia vizuri kabisa: "Mwambie nimeamka salama." Mimi kazi yangu kugeuza shingo.

Nilitaka abaki. Nilikuwa naogopa kupigiwa simu siku moja niambiwe amekutwa sakafuni. Mume wangu naye alitaka abaki, ila angemwambiaje? Basi akaamua kumtengenezea sanduku la maua dirishani. Nyumba yetu ya serikali ilikuwa na ngazi asizoziweza, na uani mbuzi wa jirani hawakuacha jani. Dirishani angeweza kupitisha mkono kwenye nondo na kugusa waridi lake akiwa amekaa kitandani.

Sanduku la kwanza lilikuwa la mbao. Mchwa wakapanda ukutani wakalila kitako, na asubuhi moja tukakuta udongo wote uko chini. Mama akayahamishia matawi kwenye beseni bovu, akauliza tena habari za tiketi.

Wakati huo mambo ya gesi yalikuwa yameanza upande wa Msimbati, na nyumba za wafanyakazi zilikuwa zikijengwa kule. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akarudi na mabaki ya mbao za plastiki, zile nyeupe za kuzungushia ukingo wa paa. Mchwa hawazili, chumvi ya bahari haizidhuru, rangi hazihitaji. Akazikata kwa msumeno wa chuma, akaziunga kwa gundi ya mabomba, kisha akakaza skrubu za shaba alizozitafuta madukani Chikongola nzima. Matundu ya skrubu aliyatoboa makubwa kidogo, akisema jua letu linavimbisha plastiki. Chini akaweka vyuma viwili vya kulibeba.

"Na kitako hukitoboi?" nikamuuliza.

"Maji ya mkokoteni haya, niyamwage ukutani?"

Nikaona ana akili. Mtaani kwetu bomba lilikuwa linatoa upepo tu, na kila dumu lililetwa na mkokoteni. Sisi watu wa maji ya kununua, chombo kizima tukitoboe kwa hiari yetu? Akalijaza maji kulijaribu, tukasimama kulitazama. Hata tone! Tulishangilia utadhani tumejenga bwawa.

Kila asubuhi kabla ya kwenda bandarini alikuwa akipita dirishani na kopo, anamwagilia, anakohoa kidogo ili mama ajue yupo, anaondoka. Ndiyo ilikuwa salamu yake. Hakukosa hata siku aliyoamka na homa.

Majani yakaanza kuwa ya njano. Akaongeza maji. Yakapukutika. Jumapili moja tumetoka kanisani, nikamkuta mama anakunja vitenge vyake begini. Akapitisha mkono kwenye nondo, akachomeka kidole udongoni, akakinusa. Mume wangu alikuwa amesimama nje, hatua mbili tu kutoka dirishani.

"Mwambie mwenzio, hili si sanduku. Hii ni ndoo."

"Amesikia, mama!" nikafoka. "Yupo hapo! Amesikia!"

Mume wangu akaenda kwenye jiko la mkaa, akapasha msumari mpaka ukawa mwekundu, akarudi kutoboa kitako. Plastiki ikanuka nyumba nzima. Maji meusi yakamwagikia viatu vyake vya kanisani, yananuka kama mtaro, naye akaendelea kutoboa. Matawi yote yalikuwa yameoza isipokuwa moja. Mama akalikwaruza kwa ukucha, akaona ukijani. Begi akalisukuma chini ya kitanda, lakini halikufunguliwa.

Tukakaa roho juu. Mimi nilikuwa nalichungulia tawi lile kila nikipita, nalisemesha, nalitukana pia. Likatoa chipukizi dogo jekundu, kisha la pili.

Asubuhi moja nikiwa jikoni nakoroga uji, nikasikia kikohozi cha mume wangu nje, na maji yakimiminika. Kisha sauti ya mama:

"Yametosha, mwanangu. Utaniozeshea tena."

Nikaacha mwiko, nikasimama nikingoja kuitwa nipeleke maneno.

Mume wangu akajibu mwenyewe, "Haya, mama. Nitaleta kesho kutwa."

"Kesho kutwa ndiyo vizuri. Na hilo koti ulivae, kuna upepo."

Hakuna aliyeniita. Uji ukaungua, nikauacha uungue.