Adei Hakuwa Tasa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile huko Balambala dalali alipomshika Adei shingoni na kusema, "Mzee, hii ng'ombe ni tasa. Peleka Garissa ichinjwe." Nilipiga kelele hadi punda wakageuza masikio! Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni, ukame umetukaba koo, nami nilikuwa msichana wa sekondari aliyerudi likizo na mdomo usiofungika.

Adei alikuwa mtamba mweupe, hajazaa bado. Kwetu mtoto akifungwa kitovu hupewa mnyama jike, na kila atakayezaliwa na mnyama huyo ni mali ya mtoto. Wangu wote waliliwa na ukame, akabaki Adei peke yake. Wenzake wa rika moja walikuwa wameshataka dume, yeye kimya. Akipanda lori, ukoo ule umekwisha.

"Abo, ngoja!" nikamwambia baba, nikirukaruka, maana jambo hili tulikuwa tumesoma muhula ule ule na utamu wake ulininyima usingizi. Nikamweleza kwamba ovari za mtamba mchanga hutoa homoni kidogo tu, lakini ubongo wake ni mwepesi wa kutii. Tone lile linauambia unyamaze, nao unanyamaza. Anavyokua na kunenepa, ubongo unaacha kutishwa nalo. Unaanza kuziamuru ovari, tena na tena, nazo zinajibu kwa homoni nyingi zaidi, hadi siku moja homoni ile ile iliyokuwa ikiunyamazisha ubongo ndiyo inayouamsha kwa kishindo, na yai linatoka! Ila njaa huuacha ubongo katika utii wa utotoni. Mwili uliokonda utabebaje ndama?

Baba akakuna ndevu. "Kwa hivyo hajakataa. Anangoja?"

"Anangoja mvua, Abo!"

Akacheka, akampa dalali dume mzee badala yake.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini mimi mbivu niliitaka jana. Mvua ikanyesha, majani hata hayajafika kwenye kifundo cha mguu, nikamfunga Adei kamba na kumburura kwa dume la jirani. Maskini, alirusha mateke, akataka kunivunja goti! Nyanya yangu, Ayeyo, akanijia na fimbo yake.

"Wallahi, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ubongo unangoja mwili," alisema. "Mbona wewe mwenyewe huwezi kungoja?"

Nikafungua kamba, uso umenishuka.

Likizo iliyofuata nilimkuta Adei amenona, ngozi inang'aa. Asubuhi moja akaanza kulia, akiwapanda wenzake, hatulii! Nilikimbia boma zima miguu mitupu nikipaza sauti, "Alhamdulillahi! Adei ameanza kutaka dume!" Ayeyo akapiga vigelegele, na baba mwenyewe akaenda kumleta dume lile lile. Furaha ya siku ile, mwanangu, hata sasa inanitekenya.

Basi nisikilize. Usimwite tasa aliye na njaa, awe mnyama, awe mtu. Mlishe kwanza, kisha mngoje. Na ukishajua ukweli, uvumilie mpaka ukomae, maana kawia ufike si maneno ya wavivu. Mungu akupe malisho mapana, akupe na moyo wa kungoja mvua.

Haya, malizia maziwa yako. Yametoka kwa kitukuu wa Adei.