Hereni Iliyotolewa Kooni mwa Binti Yangu

Admin, nifichie jina. Ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Shinyanga. Jambo hili nimelibeba tangu miaka ya tisini.

Tulikuwa tumepanga Ngokolo. Mume wangu alichimba dhahabu huko Geita, akija nyumbani na kuondoka. Nilikaa na mdogo wangu wa kike wa tumbo moja, fundi cherehani wa miaka ishirini na mitatu. Mama yetu alipougua kule Ushetu nilikwenda kumuuguza wiki tatu, nikamwachia binti yangu wa miaka minne.

Niliporudi nikamkuta mume wangu yupo, na mtoto hawezi kumeza hata uji, mate yanamtoka tu. Mdogo wangu akasema, "Ni mafindofindo, dada." Nilikimbilia hospitali. Picha ikaonyesha kitu cha chuma kimekwama kwenye koo la chakula. Tukapelekwa Mwanza sote, mdogo wangu kampakata mtoto njia nzima, analia kuliko mimi.

Daktari alimpa mtoto dawa ya usingizi, akampitishia mdomoni mpira mwembamba wenye taa, akakinasa kile kitu na kukitoa bila kisu. Nilipiga magoti. Kisha akanionyesha: hereni yenye jiwe jekundu. Niliinunua mimi, zawadi ya mdogo wangu alipohitimu ushonaji.

Mtoto alipoamka nikamuuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, uliiokota wapi?"

"Kitandani kwako. Mama mdogo alikuwa analala na baba."

Mume wangu akadakia, "Huyo bado kalewa dawa!" Lakini mdogo wangu alikuwa ameshakaa sakafuni. "Dada, nisamehe. Nilimwona akiimeza, siku nne zilizopita. Niliogopa ungeuliza ilikuwa wapi."

Siku nne, ndugu zangu. Siku nne alijua!

Ndoa ilivunjika, mdogo wangu akahamia Kharumwa. Sikumwambia mtu sababu. Sasa binti yangu anaolewa. Hakumbuki chochote, na siku hizi yeye na huyo mama yake mdogo wanaongea kwenye simu. Binti anataka mimi na mama yake mdogo tukae pamoja meza kuu. Juzi kaniambia, "Mama, una roho ngumu. Mama mdogo alikukosea nini?" Nikaingia jikoni nikalia.

Nishaurini wenzangu. Nimwambie ukweli nimvurugie harusi yake, au nikae meza moja na mtu aliyemtazama mwanangu akishindwa kumeza uji, akanyamaza?