Anaosha Helmeti, Anavaa Kitambaa

Wageni bado wanakunywa chai wakati Shangazi, kama wenzake kazini wanavyomwita, anapoingia korongoni. Humu kuta za mawe ya chokaa zimekaribiana hadi akinyoosha mikono anazigusa zote mbili. Ana ufito mrefu. Anagonga mwamba juu yake, anasikiliza, anagonga tena. Jiwe lililolegea analiangusha na kulisukuma kando ya njia.

Kichwani amejifunga kitambaa cha maua.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na mmoja: mawe yaanguke yeye akiwa chini, ili wageni wapite salama. Hakuna namna ya kulipamba jambo hili.

Getini, mwandishi wa makala haya alipewa helmeti ya njano inayonukia sabuni. Aliyeiosha ni Shangazi. Kila jioni huziosha zote, huzianika, kisha huzirudisha kabatini. Ufunguo anao msimamizi.

"Niliomba moja," anasema. "Akaniambia ni za wageni, zitachakaa. Mimi je, sichakai?"

Anacheka, kisha anaacha ghafla.

Mwaka jana walikuwa wawili. Wifi yake alikuwa akifagia njia mbuzi walipopita juu ukingoni na kuporomosha mawe. Moja lilimpata. Leo sikio lake la kushoto halisikii, na akiinuka haraka anaanguka. Watoto wake wanakula kwa Shangazi. Ofisini walimpa pole ya mdomo, basi.

Mwandishi alimuuliza msimamizi, bwana mwenye shati lililonyooka kwa pasi, kwa nini wafanyakazi hawana helmeti.

"Wageni hawalijui korongo," alijibu bila hata kuona haya. "Hawa wameshalizoea."

Shangazi anapoelezwa jibu hilo, anatupa ufito chini.

"Na mawe yamenizoea? Muulize yeye ameingia humu lini! Tangu aletwe hapa hajawahi kuvuka pale chooni, karibu na geti. Anaogopa, na helmeti anazo kabati zima!"

Jioni anaosha tena. Ya mwandishi ndiyo ya mwisho. Anaifuta, anaijaribu, anafunga mkanda wake chini ya kidevu. Kabati linafungwa ikiwa bado kichwani mwake.

"Andika tu, siogopi. Nina watoto wa watu wawili wa kulisha, sitaki walishwe na mtu wa tatu. Kesho naingia nayo. Akitaka kunivua, anifuate hukohuko ndani."