Stika ilisema waya ni orijino, mama wa chuma kuukuu akasema hapana

Wakuu niaje.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita, sijawahi kuanzisha uzi hapa. Lakini hii imenikaa kwa kifua wiki tatu sasa. Yote nitasema niko tayari kuyarudia mbele ya mamangu na pastor wake, na mamangu hapendi mtu muongo.

Kazi yangu ni stima. Nilitoka Kakamega na cheti na koleo moja, sasa ni mwaka wa nane niko Riruta. Nafanya wiring, naweka soketi, nafuatilia zile shoti zimeshinda wengine. Sijisifu, lakini kazi zangu nyingi huletwa na jirani wa mtu niliyemfanyia kazi.

Mwezi jana nikapata kazi Lavington kwa Madam Doris, mama wa ofisi, mpole, anaongea polepole. Babake alikuwa amelazwa hospitali, mapafu hayafanyi vizuri. Daktari akasema anaweza kurudi nyumbani Jumamosi, bora kuwe na chumba chenye stima ya kuaminika, kwa sababu Mzee atakuwa anapumulia mashine ya oxygen mchana na usiku.

Hiyo mashine huchomekwa kwa ukuta. Stima ikileta shida, Mzee hana pumzi. Madam alinieleza mara moja tu na nikaelewa.

Chumba kilikuwa store ya zamani, hakina hata soketi moja. Nikaenda Ngara kununua waya kwa duka nimezoea. Na hapa mjue sikukuwa mzembe. Kila roll ilikuwa na ile stika ya serikali inang'aa kwa nylon ya juu. Nikatuma code kwa SMS, jibu likarudi hapo hapo: bidhaa hii ni halisi.

Nilipofika site nikampatia Madam code, naye akatuma kwa simu yake. Halisi. Akafurahi sana, akasema angalau kuna kitu kinafanya kazi hii nchi.

Jumatano nikawa nimemaliza. Plasta imekauka, rangi imepakwa, kitanda cha Mzee kimeingia.

Sasa vile vipande vya waya hubaki mimi huviacha site, kuna mzee wa mkokoteni hupita kuokota. Wiki hiyo hakupita. Kwa hivyo Alhamisi asubuhi nikavibeba kwa gunia, nikapeleka kwa mama wa chuma kuukuu hapa kwetu, kando ya Naivasha Road. Anaitwa Mama Njambi. Ni mama wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa huku Dagoretti, gumboots na aproni. Nimempita kila siku miaka yote hiyo na sijawahi kumuuzia hata msumari.

Akaingiza mkono kwa gunia.

Wakuu, alikuwa hata haniangalii. Alikuwa anabishana na mteja mwingine juu ya betri ya gari. Mkono ukaingia, ukashika, ukatoka, na bado hakuwa amemaliza maneno yake ya betri.

Kisha akanigeukia. "Hii si copper, fundi. Peleka pale kwa sufuria."

Pale kwa sufuria ni rundo la aluminium.

Nilicheka. Nikamwambia waya imetoka dukani, iko na stika, na serikali yenyewe imenijibu. Nikamwonyesha SMS. Sitaficha kitu, nilimwongelesha vibaya. Nilimuuliza kati yake na serikali nani anajua zaidi.

Hakukasirika. Alichukua kisu, akavua ganda, akatoa uzi mmoja akaukwaruza mara mbili. Juu nyekundu, ndani nyeupe kama kijiko. Akaukunja kunja, ukakatika. Halafu akachukua kipande cha copper yake akaniwekea mkono wa kushoto, changu mkono wa kulia. Urefu sawa, unene sawa. Changu kilikuwa chepesi mpaka nikaona haya.

Kwa wale hawajui, hiyo ni aluminium imepakwa copper kidogo juu. Ukiipatia mzigo mkubwa inachemka, na pale imefungwa kwa soketi inaanza kulegea polepole. Moto huanzia hapo, ndani ya ukuta, kama hakuna mtu anaona.

Najua fundi mmoja hapa ataniuliza kwani sikuona nikivua waya. Swali nzuri. Mimi hiyo kitu nilifundishwa darasani. Lakini rangi ilikuwa ile ile, na nikishasoma SMS, macho yangu yaliacha kazi.

Nikamuuliza Mama Njambi, sasa stika je? Akaniambia kuna watu huja kwake kununua nylon. Hawataki waya, wanataka ile nylon ya nje iko na stika haijararuka. Aliwauliza wanapika nini nayo, wakamwambia auze tu. Akakataa kuwauzia.

Akanitolea moja kutoka kwa takataka zake, imekunjwa kunjwa, ina matope. Nikapangusa, nikatuma code.

Halisi.

Nilisimama pale nimeshika nylon tupu na simu inaniambia hii ni waya nzuri. Sijui kama mnaelewa vile nilisikia. Stika haikuwa imedanganya hata kidogo, ni ya ukweli kabisa, ni vile tu imehama nyumba.

Sasa semeni ukweli, mngefanya nini? Ukuta umepakwa rangi. Client ameshukuru. Hakuna mtu angejua. Nilikaa juu ya mtungi mbovu wa gesi pale kwa Mama Njambi karibu nusu saa nikifikiria jinsi ya kunyamaza. Lakini kila nikijaribu, namwona huyo Mzee amelala, mpira puani, na hiyo ukuta iko karibu na kichwa chake.

Nikapigia Madam nikamwambia.

Hakuamini. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya polepole, "Fundi, hiyo code nilituma mimi mwenyewe. Unataka kulipwa kazi mara ya pili?"

Iliniuma. Halafu nikakumbuka vile nimetoka kumwambia Mama Njambi.

Nikarudi kumwomba huyo mama twende naye. Nilijua atakataa, ni Alhamisi, wateja wamejaa. Aliniuliza kitu kimoja tu, huyo mzee ana miaka mingapi. Nikasema themanini na mbili. Akavua aproni.

Huko Lavington soja wa geti alimwangalia hizo gumboots akataka kumrudisha. Madam akatoka mwenyewe, bado hajafurahi. Nikazima stima, nikafungua soketi ya kando ya kitanda, nikavuta waya nje. Mama Njambi hakueleza chochote. Alimpatia Madam kisu.

"Kwaruza wewe," akasema. "Mimi usiniamini."

Madam alikwaruza. Akaangalia, akakwaruza tena mahali pengine. Kisha akaketi kwa kitanda cha babake, kisu bado mkononi, akasema Jumamosi ni kesho kutwa.

Ijumaa asubuhi mimi na Mama Njambi tulikuwa Ngara kabla maduka kufunguliwa. Yule ameniuzia alishtuka kuliko mimi, akatoa risiti za aliyemletea, hata yeye alikuwa ametuma SMS. Mama Njambi hakumlaumu. Alipita duka kwa duka akinyanyua roll, anaweka chini, anasema hapana. Hakusoma stika hata moja. Duka la nne alinyanyua, akakaa nayo kidogo, akaniambia nikwaruze. Nyekundu mpaka ndani.

Nimesoma, nina cheti na mita ya kupima stima. Nilisimama nyuma ya huyo mama kama mtoto wa darasa la kwanza, na sioni aibu kusema.

Tulifunga waya mpya kwa ncha ya ile ya zamani, tukavuta kupitia kwa mabomba. Sehemu moja ilikwama ikabidi nivunje ukuta. Saa kumi jioni tukawa tumemaliza. Zile feki Mama Njambi alizichukua, na nikampata amekaa chini nje akizikata vipande vya urefu wa kidole, zote, ndio mtu asikuje kuzivalisha nylon nyingine.

Jumamosi Mzee akaletwa. Mashine ikawashwa, ikaanza kunguruma. Mimi nilikuwa hapo na sikutoka. Nilikaa masaa mawili na kiganja kwa ukuta, nikingoja kusikia joto. Ukuta ulikuwa baridi.

Mzee alifungua macho akamuuliza bintiye, "Huyu anasalimia ukuta ni nani?"

Tulicheka wote. Madam alicheka mpaka akalia.

Funzo langu? Stika inaweza kuwa ya ukweli na kitu ndani kikawa uongo. Sisemi msikague, kagueni. Lakini ukishamaliza kukagua karatasi, kagua kitu chenyewe, ama utafute mtu ambaye mikono yake inakijua. Mwambieni fundi wenu awaachie kipande kimoja cha waya, mkwaruze wenyewe. Mafundi wenzangu, na wale wa dawa, mbegu, spea za gari, nyinyi mnajuaje? Andikeni hapa chini, nataka kujifunza.

Lakini si hiyo ndio imenifanya niandike.

Miaka nane wakuu. Nyumba zote nimeweka waya, nilikuwa naangalia stika, natuma code, nafunika ukuta. Nimeanza kuzunguka na kisu. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili, Kawangware, haikuwa sawa, na hicho chumba hulala mapacha.

Kwa hivyo kama niliwahi kukuwekea stima, nitakuja kubisha. Sitaki hata chai. Nifungulie tu.